Daftari la Mwenzako Halitakuokoa, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, leo tuache kidogo habari za wapenzi na za marafiki waliokununia. Nataka tuzungumze kuhusu homuweki. Najua umeshakunja uso na kusema moyoni, hata dada naye kageuka mwalimu. Tulia kwanza. Nimelichagua jambo hili kwa sababu kila ninapokaa na wanafunzi, wawe wa shule za kata au wa shule za kulipia, kilio ni kile kile: nikitoka shule nimechoka, nikifika nyumbani kazi zinanisubiri, usiku umeme umekatika, asubuhi mwalimu anataka madaftari mezani. Na dawa ambayo wengi mmejitafutia wenyewe ni kuwahi shuleni, kumsaka yule mwenzenu anayejua, kuinamia daftari lake na kudesa mbio mbio kabla kengele ya paredi haijalia.

Sikusemi kwa ubaya. Daftari moja kuzunguka dawati hadi dawati asubuhi ni jambo la shule nyingi, na wanaodesa wengi ni watoto wazuri wenye adabu zao. Ila nikinyamaza uendelee hivyo hadi Novemba ya kidato cha nne, nitakuwa dada wa jina tu.

Naijua siku yako. Unakaa Chanika na shule iko mbali. Saa 11 alfajiri uko macho, unafagia uwanja gizani, unajimwagia maji, unakimbilia kituoni. Daladala inakuja, konda akiona sare tu anagonga bodi gari liondoke, maana wewe nauli yako ya mwanafunzi ni ndogo na mtu mzima analipa zaidi. Ya pili nayo hivyo hivyo. Ya tatu unajibana mlangoni, begi limebanwa kifuani. Mchana unatoka shuleni umechoka, wengine mnapitia tuisheni, nyumbani unaingia jua linazama. Huko ndoo tupu zinakungoja, vyombo vya mchana vinakungoja, mdogo wako hajaoga, na mama bado yuko gengeni kwake anauza nyanya za mwisho. Ukija kukaa na daftari ni saa 3 usiku. Swali la kwanza la hesabu unalisoma, unalirudia, haliingii. Macho yanafumba yenyewe. Ndipo wazo linapokujia: basi, kesho nitaangalizia kwa fulani.

Wazo hilo humjia mtu yeyote aliyechoka, na kuchoka si dhambi. Hatari iko kwenye kesho yake. Ukiangalizia Jumatatu na mwalimu akakuwekea vema, Jumatano hutajitesa tena kulisoma swali mara mbili. Wiki inayofuata hutalisoma kabisa. Mwisho wa muhula utakuwa na kaunta buku lililojaa vema nyekundu kutoka jalada hadi jalada, na ndani ya kichwa chako hamna hata swali moja ulilolifanya wewe.

Hebu tuulizane, homuweki ni ya nini hasa? Mwalimu akifundisha unaona umeelewa. Anaandika ubaoni, unatikisa kichwa, kila hatua inakuja yenyewe. Anapotoka mlangoni, kuelewa kule kunaanza kupungua bila wewe kujua. Kuna Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alikuwa akikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha baada ya muda anapima ni kiasi gani kimebaki. Kwa kipimo chake, ndani ya saa 1 tu zaidi ya nusu ilikuwa imeshampotea. Aliona pia kwamba anayerudia kwa vipindi, leo kidogo na kesho kidogo, hubakiwa na mengi kuliko anayebeba yote kwa mkupuo mmoja. Somo lako la Kemia lina maana, kwa hiyo halitakutoka upesi kiasi hicho, lakini litakutoka. Mwalimu anapokupa maswali matano ya kwenda nayo nyumbani, anataka ulishike somo tena siku ile ile, kabla halijaenda.

Sababu ya pili ndiyo hasa iliyonifanya nikuite hapa leo. Darasani huko peke yako hata dakika moja. Mwalimu yupo anakuelekeza, jirani yupo unamchungulia, darasa zima linajibu kwa pamoja na sauti yako inapotelea humo. Nyumbani, mbele ya swali, umebaki wewe na kile usichokijua. Ukikwama kwenye hatua ya tatu, umejua sasa kwamba mbili za kwanza unaziweza na ya tatu ndiyo inayokushinda. Hiyo ni habari kubwa, hakuna mwingine duniani anayeweza kukupa. Kule kukwama kunakokutia hasira mpaka unataka kuitupa kalamu ndiko kunakokuonyesha pa kuanzia. Sasa wewe ukifika asubuhi ukaandika majibu ya mwenzako, umekuwa kama mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu halafu anamwambia daktari haumwi popote. Mwalimu anaona kumi ya kumi. Anaona darasa limeelewa. Anafuta ubao na kuingia mada nyingine.

Na usidhani atakushtukia. Tangu Serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wengi walipata nafasi, jambo la kushukuru, na madarasa mengi yakajaa. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mbele yake hana muda wa kulinganisha mwandiko wako wa leo na wa juzi. Njia pekee ya yeye kujua ulipokwama ni daftari lako liseme kweli. Wazee walisema mficha uchi hazai, na wewe kila asubuhi unauficha ujinga wako mbele ya mtu yule yule aliyeajiriwa ili akuondolee.

Nitakwambia kinachoniumiza zaidi, maana ndicho nisichoweza kukiona kwenye ripoti ya shule. Mtoto anayedesa kwa muda mrefu huanza kuamini kwamba hana akili. Anasema, mimi hesabu siziwezi, mimi Fizikia si yangu, kwetu hakuna aliyewahi kufaulu somo hili. Anasema kwa uhakika kabisa. Ukimchimba unakuta hajawahi kukaa na swali la hesabu peke yake kwa nusu saa tangu aingie kidato cha kwanza. Hakushindwa, hakupambana. Kisha siku inafika anakaa kwenye chumba cha mtihani wa Taifa, dawati lake liko mbali na la mwenzake, msimamizi anatembea kati ya mistari, na lile daftari la kuzunguka halipo. Tumbo linamkata. Mikono inatoka jasho. Hofu ile haikuanzia siku ile, ilianza asubuhi ya kwanza alipoogopa kuonekana hajui. Sitaki wewe uyapitie hayo.

Naijua pia sababu nyingine ambayo wengi mnaona aibu kuisema: lugha. Umesoma miaka 7 kwa Kiswahili, tena ulikuwa unashika nafasi nzuri, umeingia kidato cha kwanza kila kitu kimegeuka Kiingereza. Swali la Biolojia hulijibu kwa sababu hujui linauliza nini, wala si kwamba hujui moyo unasukumaje damu. Basi usijitukane. Tafuta kamusi, ile ya TUKI ya Kiingereza kwenda Kiswahili ipo shule nyingi, na kama ipo moja tu maktaba, iombe uandike maneno yako kumi ya siku hiyo. Kwanza tafuta kitenzi cha swali: linataka utaje, ueleze, au ulinganishe? Wengi wanapoteza alama kwa kutaja walipoambiwa waeleze. Halafu jijibu kwa Kiswahili kichwani au pembeni mwa karatasi, ujue kwamba unajua. Kisha ndipo uhangaike na Kiingereza chake. Utatumia muda mrefu mwanzoni, miezi michache tu, halafu utaona maneno yale yale yanajirudia na kazi inakuwa nyepesi.

Na ukikaa na daftari, kaa kwa akili. Wengi mnafungua madesa, mnasoma ukurasa, mnausoma tena, mnapigia mistari kwa kalamu ya rangi, mnalala mkijiona mmepiga msuli. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi wasome. Wengine walisoma mara mbili. Wengine walisoma mara moja, kisha wakafunga na kujaribu kuandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliosoma mara mbili asilimia 42. Umeona? Kusoma tena kunakupa raha ya usiku mmoja. Kufunga daftari na kujiuliza kunauma, lakini kunakaa. Kwa hiyo fanya swali kwanza huku daftari limefungwa. Ukishindwa, fungua, angalia ile hatua moja tu, funga tena, endelea. Ukikosa pia si hasara, maana umekosea mahali ambapo kukosea hakukuondolei kitu.

Kwani nimekukataza kusoma na wenzako? Hapana. Diskasheni ni nzuri, kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini nenda ukiwa umeshajaribu, na karatasi yako yenye makosa yako. Aliyekuja mtupu atatoka na majibu, na kesho akiulizwa yametokaje atatazama dari. Na wewe unayejua, wewe ambaye daftari lako ndilo linalozunguka kila asubuhi, nina neno lako pia. Najua unaogopa kuitwa mchoyo. Najua ukikataa watakununia, wengine watasema unaringa. Mwambie mwenzako, daftari sikupi, ila njoo mapumziko nikuonyeshe nilivyofanya. Anayetaka kujua atakuja. Na wewe utafaidi zaidi, kwa sababu ukimweleza mtu jambo hadi akalielewa, limekuwa lako moja kwa moja.

Sasa simu. Shuleni zimekatazwa, lakini jioni simu ya mama au ya kaka mnaishika. Kuna grupu la darasa la WhatsApp, saa 2 usiku mtu anarusha picha ya majibu yote, yaliyopatikana na yaliyokosewa, na darasa zima linakosea swali lile lile kwa namna ile ile. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 ilipotoka ChatGPT, wengine hamhitaji hata grupu. Unapiga picha swali, akili mnemba inakuandikia insha nzima yenye Kiingereza cha mzungu, unainakili ukiwa unatazama TikTok kwa jicho la pili. Sikwambii uichukie teknolojia, hiyo ni ya kizazi chenu na mtaishi nayo. Nakwambia uitumie ukiwa umeshajaribu. Mwambie, nimefanya hivi, nimekwama hapa, nieleze kosa langu bila kunipa jibu. Akili hizo nazo hukosea, tena kwa kujiamini, na asiyejua somo hawezi kuona kosa lao. Ukiwa na simu hiyo hiyo, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada unavyovisoma bure. Umeingia humo mara ngapi?

Sogea karibu, hili ni la wasichana, ingawa wavulana nao walisikie. Yuko kaka wa mtaani, mwanachuo au wa kidato cha sita, mpole, anakufanyia hesabu zako zote. Mwezi wa kwanza anakataa hata asante. Mwezi wa pili anakununulia chipsi. Wa tatu anakukumbusha mema yake yote na kutaka umlipe kwa namna ambayo hukuitarajia, na wewe unaona umeshafungwa, kwa sababu bila yeye daftari lako halina kitu. Au ni mtu mzima, labda hata mwalimu, anayesema homuweki yako uipeleke nyumbani kwake jioni, uje peke yako. Usiende. Sikiliza, usiende. Anayetaka kukufundisha atakufundisha darasani, au barazani watu wanapita, au mwenzako akiwepo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na mwanamume anayempa mwanafunzi mimba adhabu yake ni kifungo cha miaka 30, lakini mimi sitaki tufike kwenye kuhesabu kifungo cha mtu wakati wewe umeshaumia. Likikufika lolote, mwambie mama, shangazi, mwalimu unayemwamini, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Hutakuwa na kosa hata kama ulipokea chipsi zake. Nakuandikia hili katika habari ya homuweki kwa sababu wengi wamekamatiwa hapo hapo, kwenye hesabu wasizozijua. Msichana anayejua kufanya swali lake mwenyewe hana deni la mtu.

Turudi nyumbani kwenu, kwenye zile ndoo. Kazi za nyumbani kwetu ni sehemu ya malezi, na mtoto asiyeshika ufagio atakuja kuwapa taabu watu wengine. Ila kuna nyumba ambazo dada na kaka wako kidato kimoja, dada anapika, anaosha, anaogesha watoto, na kaka katoka mpirani kakaa sebuleni na daftari lake. Matokeo yakitoka wanasema kaka ana akili kuliko dada. Kaka, ikiwa ni wewe unayesoma hapa, inuka uoshe vyombo. Hakuna atakayekucheka ambaye maoni yake yana thamani.

Na wewe dada mtu, usinune jikoni ukigonga masufuria. Mama hawezi kujua kilichomo kwenye begi lako. Zungumza naye wakati mzuri, si wakati kuni zimegoma kuwaka. Msalimie, mpokee mzigo, akishapumua mwambie: "Mama, kazi zote nitafanya. Naomba tu saa 1 nikishateka maji, nikae na homuweki kabla macho hayajawa mazito, vyombo nitaosha baada ya kula." Mama wengi wakisikia hivyo wanalainika, maana wanachotaka wao ni usome. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwa adabu kwamba saa imekosekana. Akikataa leo, kesho muombe shangazi au babu akusemee. Kama nyumbani hapakaliki kabisa, chumba kimoja watu saba na redio ya jirani, basi usitoke getini shuleni kabla hujafanya angalau maswali mawili, kwa sababu mwalimu bado yuko karibu na kichwa bado kinakumbuka. Walio mijini wana maktaba za mikoa, na walio Dar es Salaam wana Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, pana meza na utulivu. Jumamosi moja kwa mwezi si nyingi.

Mama au baba hakusoma? Bado anaweza kukusaidia kuliko unavyodhani. Mweleze ulichofundishwa leo huku anachambua mchele. Mwambie mvua inatengenezwaje, au kwa nini Wangoni na Wamatumbi waliingia Vita vya Majimaji. Akikuuliza swali ukababaika, umepata mahali pa kurudia. Mzazi ambaye hajui kusoma lakini kila jioni anasema, leteni madaftari niyaone, ana watoto wanaojua kwamba kuna mtu anajali.

Usikeshe. Najua kuna sifa siku hizi kusema nimelala saa 8 usiku nikibukua. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri, saa 3 usiku awe kitandani. Hesabu hiyo ni ngumu kwa wengi wenu, nakubali, ndiyo maana nasisitiza saa 1 ya mapema yenye akili iliyo macho kuliko saa 3 za kusinzia juu ya kitabu. Ukilala darasani kesho yake, utakuwa umeongeza homuweki nyingine juu ya ile.

Kuna jambo mnarushiana mitandaoni, kwamba homuweki ilibuniwa mwaka 1905 na mwalimu wa Kiitaliano aitwaye Roberto Nevilis ili kuwaadhibu wanafunzi wake. Acheni. Hakuna ushahidi kwamba mtu huyo aliwahi kuwepo. Tena mwaka 1901, kabla ya huo mwaka wanaomtajia, jimbo la California huko Marekani lilikuwa limeshatunga sheria ya kuzuia homuweki kwa watoto wa chini ya miaka 15. Ufaransa nayo ilikataza kazi za kuandika za nyumbani kwa shule za msingi mwaka 1956. Kwa hiyo watu wazima wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu, na hoja zao zina uzito. Mtafiti Harris Cooper wa Marekani alizipitia tafiti nyingi mwaka 2006 akaona homuweki inaendana na kufaulu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa watoto wadogo uhusiano huo ni dhaifu sana. Hata kwa wakubwa, ikizidi kama saa 2 kwa usiku faida haiongezeki.

Nayasema hayo kwa ajili ya mdogo wako wa darasa la pili, yule anayelia saa 2 usiku juu ya kurasa nne za hesabu, na wewe unamwandikia ili mlale. Usimwandikie. Mkalishe robo saa, msomee hadithi, afanye anachoweza, mwacheni akalale, na asubuhi mzazi amwandikie mwalimu kwa heshima kwamba mtoto ameishia hapa. Walimu wengi wataelewa. Kumwandikia ni kumfundisha kudesa angali mbichi.

Najua mnaogopa fimbo. Kwa kanuni za mwaka 2002, viboko haviruhusiwi kuzidi 4, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, lakini najua hofu haisomi kanuni. Walimu wangu, nawaomba kwa heshima zote: mtoto aliyeleta swali nusu, likiwa na jasho lake, msimpige. Anayepigwa kwa kushindwa kesho atakuja na majibu sahihi ya mwenzake, na ninyi mtakuwa mnasahihisha daftari la mtoto mmoja mara 60.

Na wewe mdogo wangu, jifunze kumwendea mwalimu kabla hajakuita. Mfuate ofisini kabla ya kipindi, na mwenzako mmoja, umwamkie, ufungue daftari: "Mwalimu, nilijaribu hili hadi hapa, hapa ndipo nilipokwama." Sentensi hiyo ni ngumu mara ya kwanza, koo linakauka. Mara ya pili ni rahisi zaidi. Ni walimu wachache sana watakaomfukuza mwanafunzi aliyekuja na sentensi hiyo, na akikufukuza mmoja, yupo mwingine wa somo hilo hilo, au mwanafunzi wa kidato cha juu.

Leo jioni usinifanyie makubwa. Chukua somo moja tu, lile unalolidesa kila siku, lile unaloliogopa. Fanya swali la kwanza wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, hadi pale utakapokwama, na upaandike hivyo hivyo palivyo. Kesho asubuhi ukikuta daftari linazunguka, lipitishe kwa jirani bila kulifungua, na lako lipeleke mezani likiwa na nafasi yake tupu.